Nilikopa mtandaoni nauli ya kwenda dabi, sasa wanamtumia meseji mama mkwe wangu

Seremala wa Mafinga – 10 Aprili 2025, saa 12:40 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi. Najua leo kila mtu anazungumzia Simba na Al Masry, na hongera kwao, lakini naombeni mnisikilize maana usiku sikulala.

Mimi ni fundi seremala hapa Mafinga. Natengeneza milango, madirisha na vitanda, mbao nachukua kwa wapasuaji wa huku Sao Hill. Ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, toka utotoni. Mwezi Februari tawi letu lilikubaliana kukodi Coaster kwenda Dar kwa ajili ya dabi ya Yanga na Simba ya tarehe 8 Machi, kila mtu elfu 45 kwenda na kurudi. Hapo bado tiketi, bado kula. Mimi mfukoni sikuwa kitu, ila nilikuwa nadai. Kuna mteja nilishamfungia milango minne na fremu zake, akaniahidi kunilipa Jumatano ya tarehe 12. Nikapiga hesabu kwamba ni siku chache tu, nikikopa nitarudisha.

Tarehe 6 jioni nikapakua programu ya mikopo niliyoiona kwenye tangazo Facebook. Haikuuliza mengi. Namba ya NIDA, picha ya sura, halafu ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yangu. Nikabonyeza kubali. Niliomba 90,000. Iliyoingia kwenye M-Pesa ni 67,500. Ile 22,500 waliita ada ya huduma, wameshaikata juu kwa juu. Na muda ni siku saba, narudisha 90,000 kamili.

Mechi mnajua ilivyokuwa. Tulitoka Ijumaa saa 3 usiku, tukashuka Kitonga gizani tunaimba, alfajiri tuko Mbezi. Pale tunapokunywa chai simu zimejaa maneno kwamba Simba wametangaza hawatacheza, kwa sababu hawakufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia siku hiyo. Sisi tukasema dabi itachezwa tu, haijawahi kuwa hivi. Mchana tuko Temeke, uwanja tunauona, ndipo ikatoka taarifa ya Bodi ya Ligi kwamba mchezo umeahirishwa. Ilikuwa ichezwe saa 1:15 usiku. Kuna mzee wa tawi letu alikuwa hajawahi kuingia Uwanja wa Mkapa maisha yake yote. Alikaa kwenye ukingo wa barabara na skafu yake shingoni, hakusema neno mpaka tunapanda gari.

Mteja tarehe 12 hakulipa. Tarehe 13 deni limeiva na sina kitu. Kwenye ile programu kuna sehemu imeandikwa "ongeza muda", unalipa 27,000 wanakusogezea siku saba. Nikalipa. Tarehe 20 nikalipa tena 27,000. Tarehe 27 tena. Nilikuwa naamini napunguza deni. Tarehe 3 Aprili nikaona bado nadaiwa 90,000 ile ile, na mpaka jana jioni imefika 131,000 pamoja na faini.

Jana ndiyo wakaanza. Wamemtumia meseji katibu wa tawi, mwalimu wa mwanangu, yule mteja wangu wa milango, na mama mkwe wangu aliyeko Njombe. Meseji inasema mimi ni tapeli nimekimbia na pesa, kwamba anayeipokea ameandikwa kuwa mdhamini wangu, na nisipolipa leo picha yangu itasambazwa na polisi watakuja. Mama mkwe ni mtu mzima, macho hayaoni vizuri, akampa kijana wa jirani amsomee. Kwa hiyo na kule mtaani kwake wameshajua. Akampigia mke wangu akilia, anauliza kama nimeshafungwa. Na mke wangu habari ya mkopo alikuwa haijui. Nilimwambia nauli nimeitoa kwenye pesa ya kazi.

Naomba mnisaidie. Kweli mtu anakamatwa na polisi kwa deni la kwenye simu? Wana haki ya kuwaandikia watu ambao hawakukopa? Na kuna rafiki kaniambia kuna programu nyingine inatoa mpaka 200,000, nichukue nimalizane na hawa?

Karani wa Tandika – saa 1:25 asubuhi

Pole sana ndugu yangu. Mimi ni Simba, jana nimelia pale kwa Mkapa wakati ile penalti ya mwisho inaingia, lakini hili lako halina rangi ya jezi. Nafanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya wakili, si wakili mwenyewe, ila haya mambo yanapita mezani kwangu kila wiki.

Kwanza hilo la mwisho. Usikope kwingine. Nasema hili kabla ya sheria yoyote.

Kuhusu polisi: deni ni shauri la madai, siyo jinai. Mtu anayekudai anakupeleka mahakamani, anathibitisha deni, mahakama inatoa hukumu. Ndiyo, ipo jela ya madai kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, lakini hiyo inakuja baada ya hukumu, kwa maombi maalumu, na wewe unasikilizwa kwanza. Haianzi na meseji ya vitisho. Wanatumia neno polisi kwa sababu wanajua linavyomtetemesha mtu mwenye familia.

Kuhusu mama mkwe: hapa wao ndio wenye kosa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba ya mama mkwe ni taarifa yake yeye. Wewe kubonyeza kubali hakumfanyi yeye awe amekubali. Na mdhamini hawi mdhamini kwa sababu jina lake limo kwenye simu yako, anakuwa mdhamini akikubali mwenyewe kudhamini. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inapokea malalamiko. Zaidi ya hapo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Unaweza kwenda kituoni ukafungua taarifa. Wewe ndiye unaenda polisi, kaka.

Leo hii fanya kazi moja: kusanya ushahidi. Kila aliyepokea meseji aipige picha skrini, namba iliyotuma na saa vionekane. Mwambie mama asifute. Chukua taarifa ya miamala yako ya M-Pesa kuanzia tarehe 6 Machi. Na ingia kwenye mipangilio ya simu, iondolee ile programu ruhusa ya majina, meseji, picha na mahali ulipo, halafu ndiyo uifute. Kabla ya kufuta piga picha ukurasa unaoonyesha mkopo, ada, na zile 27,000. Watu wengi wanafuta kwa hasira halafu wanakuja ofisini mikono mitupu.

Jangwani Damu – saa 1:50 asubuhi

Mwananchi mwenzangu, usilipe hata mia. Vunja laini, weka mpya, maisha yaendelee. Hao ni wezi.

Afisa Mikopo Moro – saa 2:30 asubuhi

Naomba nimpinge mwenzangu hapo juu kwa heshima. Nimekuwa afisa mikopo miaka tisa, sasa niko kwenye kampuni ndogo hapa Morogoro, yenye leseni. Tuanze na hesabu kwa sababu seremala ameziandika vizuri na ndizo zitakazomsaidia.

Ulipokea 67,500. Hiyo ndiyo pesa iliyokufikia mkononi. Ada ya 22,500 juu ya 67,500 ni theluthi moja, kwa siku saba. Kwa sisi wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana, wanaosimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, riba haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 67,500 hiyo ni kama shilingi 2,360 kwa mwezi mzima. Wewe umelipa 27,000 mara tatu, jumla 81,000. Umeshawarudishia pesa yao yote na 13,500 juu. Ningekuwa mimi nimekukopesha kwa taratibu za kazi yangu, faili lako ningekuwa nimelifunga.

Sasa angalia kama wana leseni. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Tafuta jina la kampuni, siyo la programu peke yake, maana programu inabadilishwa jina leo na kesho. Kama hawamo, malalamiko yako Benki Kuu yaseme hivyo wazi. Kama wamo, ndiyo wana la kupoteza zaidi.

Kwa nini nampinga ndugu wa kuvunja laini? Kwa sababu ukipotea, zile namba zao bado wanazo. Watabaki na mama mkwe wako, na katibu wako, na mwalimu wa mtoto. Na wewe utakuwa umewapa neno la kusema, kwamba ulikimbia. Waandikie. Barua pepe fupi: nilipokea kiasi hiki tarehe hii, nimelipa kiasi hiki tarehe hizi, naomba mchanganuo wa maandishi wa deni lolote mnalodai na namba ya leseni yenu, na nawataka mwache kuwasiliana na watu wengine. Usiombe msamaha humo, usitukane. Wasipojibu, hiyo barua pepe ni ushahidi. Wakijibu, watakuwa wameandika hesabu zao kwa mkono wao.

Nakuomba pia usiilaumu sana nafsi yako kwa zile 27,000. Maneno "ongeza muda" yamewekwa pale makusudi yasomeke kama sehemu ya malipo. Nimeona walimu, nimeona nesi mmoja, wote wamebonyeza.

Mama Tariq – saa 4:05 asubuhi

Mdogo wangu, nasoma hapa gengeni kwangu Ilala na mikono inatetemeka, maana ulichoandika kilinikuta mwaka juzi. Niliposhindwa ya kwanza nikachukua ya pili kulipa ya kwanza. Mwisho nilikuwa na tano. Asubuhi nauza nyanya, mchana nagawa pesa ya nyanya kwa watu nisiowajua sura. Mtaji wa genge ukaisha kabisa, nikaanza upya kwa kupewa tenga moja la nyanya kwa mali kauli. Haya mambo hayaitwi kausha damu bure. Hilo la 200,000 likatae hata kama rafiki anakupenda.

Wenzangu wamekueleza sheria. Mimi nakueleza nyumbani. Mwambie mkeo yote leo, usimpe vipande. Mimi mume wangu nilimwambia la kwanza, nikaficha mengine manne, akayapata moja moja kwa meseji za watu. Kilichomuumiza siyo pesa. Halafu usimwache mkeo akamweleze mama yake peke yake. Nenda wewe. Njombe siyo mbali na Mafinga. Mtu mzima akishasomewa meseji kama ile na kijana wa jirani, simu haitoshi, anataka akuone umekaa mbele yake huna pingu.

Na wale wengine waliopokea, waandikie kabla hawajakuuliza. Mimi niliandika hivi: "Namba yako imechukuliwa kwenye simu yangu bila ridhaa yako na wakopeshaji wa mtandaoni. Wewe si mdhamini na hudaiwi kitu. Usiwajibu, usiwalipe, tafadhali nihifadhie ujumbe waliokutumia." Karibu wote walinijibu vizuri. Wawili walikiri na wao wamo kwenye mikopo hiyo.

K'Ogalo wa Kisumu – saa 5:15 asubuhi

Poleni majirani. Mimi ni shabiki wa Gor Mahia, huwa nafuata ligi yenu. Hapa kwetu hii shida tulikuwa nayo mbaya sana. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ikaleta kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, na zinakataza kabisa kupigia watu walio kwenye simu ya mkopaji ili kumwaibisha. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza kampuni moja faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia namba za watu na kuwatumia jumbe za vitisho. Kampuni haikuguswa na kelele za mitandaoni. Iliguswa na watu waliopeleka malalamiko rasmi, mmoja mmoja. Kwa hivyo usione lako ni dogo.

Seremala wa Mafinga – 13 Aprili 2025, saa 2:10 usiku

Nimesoma kila neno. Mke wangu nimemwambia Alhamisi ile ile jioni, karakana nimefunga mapema. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba simu, akaanza kunakili namba zilizotuma meseji kwenye daftari la mahesabu la mtoto. Yeye ndiye aliyewahesabu waliopokea: watu 23.

Barua pepe nimetuma kama Afisa Mikopo alivyoelekeza. Namba zao nimezituma 15040 kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zote tano. Kwenye orodha ya Benki Kuu nimetafuta jina la kampuni lililokuwa kwenye masharti yao, halimo. Kesho naenda kituoni kufungua taarifa. Ile ya 200,000 sikuigusa, Mama Tariq.

Karani wa Tandika – saa 2:40 usiku

Ukifika kituoni usiseme "nadaiwa". Anza na "natishiwa na kuchafuliwa jina kwa njia ya mtandao, na watu 23 wametumiwa ujumbe". Ukianza na deni wataona ni ugomvi wa pesa watakuambia mkamalizane. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, uiandike kwenye malalamiko ya Tume.

Seremala wa Mafinga – 26 Juni 2025, saa 1:30 asubuhi

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Nilitaka kuandika mapema ila kazi zilibana, na nyingine nilisema nisubiri mpaka ile dabi iliyoahirishwa ichezwe.

Wale watu hawakujibu barua pepe kwa mchanganuo. Walijibu kwa meseji moja, kwamba nikilipa 60,000 wanafunga. Nikawarudishia jibu kwamba nataka hesabu kwa maandishi na namba ya leseni. Wakapiga simu wiki mbili kwa namba tofauti tofauti, mke wangu akiziandika zote kwenye lile daftari. Katikati ya Mei wakanyamaza, na programu yao sasa hivi ukiitafuta haipo. Kituoni nilipokelewa vizuri, RB ninayo. Malalamiko Tume nimepeleka, yamepokelewa, na wiki iliyopita nimeombwa kuongeza vielelezo.

Njombe tulikwenda wote wawili Jumamosi ya Pasaka. Mama alikuwa ametandika mkeka nje, na yule kijana wa jirani alikuwepo. Nikaomba abaki. Nikamsomea mama taarifa ya M-Pesa mstari kwa mstari, pesa ilivyoingia na ilivyotoka, 67,500, halafu 27,000, 27,000, 27,000. Nilipofika hapo akanisimamisha akasema rudia. Nikarudia. Akauliza hao watu wanaishi wapi, nikamwambia sijui mama. Akakaa kimya, halafu akasema: "Mwanangu, nina viazi shambani. Ungeniambia ungechimba gunia ukauze." Hilo neno bado ninalo mpaka leo. Kijana wa jirani naye aliomba nimuonyeshe jinsi ya kuondoa ruhusa kwenye simu yake.

Jana Coaster ilienda tena Dar. Mimi sikwenda, na nafasi yangu tulimpa yule mzee wa tawi aliyekaa barabarani Machi. Tulichanga karakana nzima, mimi nikatoa 10,000 yangu ya kazi. Nimeangalia mechi hapa hapa, televisheni juu ya benchi la randa. Pacôme alipoweka ile penalti nilikuwa bado natetemeka, mpaka Mzize alipofunga la pili ndipo nikakaa. Mzee alinipigia kutoka uwanjani sikusikia hata neno moja, kelele tupu, na sikukata simu mpaka salio lake likaisha.

Swali langu la mwisho ni kwa Karani. Ile taarifa ya M-Pesa nimeichukua kwa simu, ni PDF. Niipeleke hivyo hivyo au natakiwa iwe na muhuri?

Karani wa Tandika – saa 2:15 asubuhi

Hongereni kwa ubingwa, wa nne mfululizo, na sisi tumeumia kweli. Tuma PDF leo usicheleweshe. Halafu ukipata nafasi pita kwenye duka la Vodacom hapo Mafinga wakuchapie nakala wagonge muhuri, uihifadhi pamoja na lile daftari la mtoto. Daftari usiwape mtu, piga picha kila ukurasa. Na mama atoe maelezo yake ya maandishi, hata nusu ukurasa, kijana wa jirani amwandikie na yeye aweke dole gumba. Yeye ndiye aliyetumiwa ujumbe, kwa hiyo na yeye ni mlalamikaji kamili kama wewe.